Ndege Iliyopanda Bila Kuchoka

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Nilikuwa nimetoka nyumbani Endarasha kabla ya jua, nikadandia lori la maziwa hadi barabara kuu, nikatembea sehemu iliyobaki mpaka Chaka, na matope yalikuwa yamenipanda hadi kwenye vifundo vya miguu. Mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe alisimama mlangoni mwa jumba refu la mabati lisilokuwa na dirisha hata moja. Aliitazama miguu yangu, halafu uso wangu, halafu miguu tena.

"Wewe ndiye Wangechi wa redio?"

"Ndiyo, mzee."

"Vumbi ndilo adui wetu hapa, binti. Na matope ni vumbi ambalo halijakauka. Vua."

Huyo alikuwa Fundi Mkuu, Mzee Salim, mzaliwa wa Majengo mjini Nyeri. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu sote, na sisi watoto wa Kieni tulipovuruga ngeli alikunja uso kama mtu aliyeguswa jino bovu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya ufundi wa redio, mwanamke peke yangu darasani, na miaka ya sabini ilikuwa ndiyo imeanza. Serikali na makampuni yalitafuta Waafrika wa kushika kazi zilizokuwa za wageni. Niliomba kazi bila kujua ni ya kutengeneza nini.

Niliingia miguu mitupu. Ndani palikuwa na baridi na mngurumo wa feni. Mbele kulikuwa na chumba cha rubani kilichokatwa kama pua ya ndege ya abiria ya injini mbili, kikiwa kimekaa juu ya vyuma kama kuku juu ya kiota. Nyuma yake zilijipanga safu za makabati ya chuma, na ndani ya makabati kulikuwa na vali, zile taa za kioo za redio za zamani, zinazowaka wekundu hafifu na waya wa kutosha kufunga ng'ombe wote wa wilaya.

Hiyo ndiyo iliyokuwa simuleta, mashine ya kujifunzia urubani bila kuondoka ardhini. Ninyi mnaosoma haya mmezoea kuirusha ndege kwenye kompyuta iliyo mezani, kwa hiyo nieleze kidogo. Yetu haikuwa na kompyuta kama mnavyoijua. Kila jambo ambalo ndege hulifanya liligeuzwa kuwa umeme: volti fulani zilisimama badala ya kasi, nyingine badala ya kimo, nyingine badala ya uzito wa mafuta yaliyobaki. Rubani akivuta usukani, umeme ulibadilika ndani ya makabati, na vijiinjini vidogo vikazungusha mishale kwenye mita zilizokuwa mbele yake. Madirisha yalipakwa rangi nyeupe. Ndege yetu iliishi maisha yake yote ndani ya wingu.

Mzee Salim aliniketisha kiti cha kulia, akakaa cha kushoto, akasukuma mbele wenzo wa injini. Sauti ilipanda, kiti kikatetemeka, mishale ikaanza kukimbia. Akavuta usukani.

"Umehisi nini?"

"Tumbo limeshuka."

"Hatujasogea hata upana wa kidole. Tumbo lako limedanganywa na kelele na mishale." Alizima mashine. "Kazi yetu ni kudanganya jambo moja tu, kwamba tuko hewani. Mengine yote lazima yawe kweli."

Watu wa Nairobi walicheka kwamba mashine ya bei kubwa namna ile imewekwa katikati ya mashamba ya ngano na kondoo. Sababu zilikuwa hewa kavu ya Kieni, kiwanja kilichotolewa bure, na ahadi ya mwanasiasa mmoja aliyetaka chuo cha urubani nyumbani kwao. Wanafunzi walijifunza kwetu miezi kadhaa, kisha wakaenda kumalizia mazoezi katika ndege halisi. Mimi nilijifunza kutoka chini. Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa wa kupangusa, kubadilisha vali zilizoungua, na kukaza skrubu. Mwaka wa pili Mzee Salim alinikabidhi kabati la kupanda.

Kupanda kwa ndege ni ugomvi wa vitu viwili. Injini husukuma mbele, hewa hukinza. Ukitoa ukinzani kwenye msukumo, kinachobaki ndicho kinachoinua ndege. Kikibaki kingi, inapanda haraka. Kikibaki kidogo, inapanda kwa shida. Kisipobaki kitu, haipandi kabisa, hata rubani avute usukani namna gani. Na huku kwetu kinachobaki huwa kidogo, kwa sababu viwanja vyetu viko juu tayari. Hewa ni nyepesi kabla ndege haijaanza safari, na jua la alasiri huifanya nyepesi zaidi. Ndege inayopaa kutoka pwani asubuhi na ileile inayopaa kutoka Nairobi saa nane mchana ni kama watu wawili tofauti.

Simuleta yetu haikujua hayo. Ilikuwa imetengenezwa nchi ya baridi iliyo usawa wa bahari, na mwanzoni ilikusudiwa kufundisha swichi na redio tu. Ilipanda vizuri kupita kiasi. Ukizima injini moja, iliendelea kupanda kana kwamba haijasikia habari.

Wanafunzi waliipenda kwa hilo. Aliyeipenda kuliko wote alikuwa Muriuki, kijana wa Kianyaga, mtoto wa wakulima wa chai, mcheshi, mwenye mabega mapana ambayo kiti cha rubani kiliyabana. Kila alipotoka likizo alituletea maparachichi kwenye mfuko wa sukari. "Mashine yenu iko na roho nzuri," alikuwa akisema akishuka ngazi. "Hata ukikosea inakubeba tu."

Kapteni Mkufunzi hakuipenda. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mvi za mapema, ambaye alirusha ndege za abiria katikati ya wiki na kuja Chaka kufundisha siku zilizobaki. Siku moja alishuka kutoka kwenye simuleta, akasimama mbele ya kabati langu.

"Wangechi, mashine yako ina huruma sana."

"Kwani huruma ni mbaya, Kapteni?"

"Hewa haina." Akaenda zake.

Nilimweleza Mzee Salim. Alisema amejua hilo siku nyingi, lakini kila alipoomba muda wa kulishughulikia, Mkuu wa Chuo alimjibu kwamba mashine inafanya kazi na wanafunzi wanafaulu. Tukaendelea hivyo, mpaka ikaja habari ya Muriuki.

Enzi hizo zoezi la kupoteza injini lilimaliziwa katika ndege halisi. Ndege iliruka bila abiria, na mara tu magurudumu yalipoacha ardhi mkufunzi alirudisha nyuma wenzo wa injini moja; huko tulikuita kumvutia mtu injini. Mwanafunzi alipaswa kuiweka ndege sawa na kupanda kwa injini iliyobaki. Makampuni mengi duniani yalifanya hivyo, kwa kuwa simuleta zilikuwa chache na hazikuaminika. Siku hiyo, alasiri ya joto, mkufunzi mwingine alimvutia Muriuki injini ya kushoto. Pua ya ndege ikageuka kushoto. Muriuki alikanyaga pedali ya kulia kidogo, kama alivyozoea kwetu, kisha akainua pua ili apande. Ndege haikupanda. Ilipita kando kando, ikapungua kasi, na mkufunzi aliporudisha nguvu ilikuwa imeshuka tena. Iligusa majani nje ya njia ya kurukia, ikavunja magurudumu, ikaserereka kwa tumbo mpaka kwenye ua wa mkonge.

Hakuna aliyekufa. Muriuki alivunjika mguu mahali pawili.

Tulienda kumwona hospitalini, Mzee Salim na mimi. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na uzito. Hakutania. Alimtazama Mzee Salim, akasema polepole, "Mzee, nilifanya vile tulikuwa tunafanya. Vilevile kabisa." Hakulaumu. Alikuwa anauliza. Mzee Salim alimshika mkono, akakaa naye mpaka muuguzi alipotufukuza. Njiani kurudi alisema neno moja tu: "Vilevile."

Wiki iliyofuata Kapteni Mkufunzi alikuja karakana akafunga mlango.

"Sitaki kuvutia mtu injini karibu na ardhi tena maishani mwangu," alisema. "Lakini mtu ambaye hajawahi kupoteza injini siwezi kumpa abiria. Mahali pekee pa kuipotezea ni hapa ndani. Mkinipa mashine inayosema kweli, nitapigana na kila mkubwa mpaka zoezi lihamishwe. Mkishindwa, basi nitaendelea kufanya kule nje, na ipo siku hatutabahatika."

Mkuu wa Chuo naye alikuwa na mzigo wake. Baada ya ajali, serikali ilitangaza kumtuma Mkaguzi kupima kama simuleta inastahili kuendelea kutumika. Ikikataliwa, ingefungwa kwenye masanduku na kuuzwa, na wanafunzi wangepelekwa ng'ambo, wale wachache ambao wangelipiwa. Alituita ofisini.

"Nimeulizia," alisema. "Mkaguzi hupima sehemu tatu za kupanda. Hizo tatu nazijua. Rekebisheni hizo, mengine baadaye."

Mzee Salim alikuwa akitazama sakafu. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Bwana Mkuu, tukifanya hivyo itapita kweli. Lakini Muriuki wa pili atafundishwa na hiyo hiyo."

"Na isipopita, Wangechi? Hawa wote unaowaona wanakula kutoka hii mashine. Wapishi, madereva, walinzi, wewe mwenyewe. Nitawaambia nini?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala.

Hapo Mzee Salim akainua kichwa. "Tupe mpaka siku ya ukaguzi. Tutaifanya ipite kwa sababu inasema kweli."

"Siongezi hata siku," alisema Mkuu wa Chuo.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa la haraka na halikufaa. Tulipunguza msukumo wa injini mpaka kupanda kwa injini moja kukalingana na kitabu cha ndege. Lakini sasa injini zote mbili zikiwaka ndege ilijikokota kama trekta lililobeba mawe, na mafuta yalikwisha kabla ya wakati. Tulikuwa tumeipiga injini kwa kosa la hewa. Usipojua ni kipi kati ya viwili kimekosea, msukumo au ukinzani, utazungusha vidhibiti mpaka uzeeke na kila mara utavunja kitu kingine.

Ni Kapteni aliyetupa njia. "Nyamazisha injini," alisema. "Ndege inaposhuka injini zikiwa zimelegezwa, inashushwa na hewa peke yake. Pima hapo, utajua ukinzani. Ukishaujua, rudi kwenye kupanda. Kitakachobakia ni injini."

Basi nikapata ruhusa ya kukaa kiti cha tatu, kile kilicho nyuma ya marubani, katika safari za kawaida za abiria. Nilikuwa nimetunza ndege kwa miaka miwili bila kupanda hata moja. Safari ya kwanza nilishika saa ya kupimia kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini baadaye kazi ilimeza woga. Nilisoma mishale tukipanda asubuhi, tukipanda mchana, tukiwa tumejaa, tukiwa nusu. Wakati wa kushuka Kapteni alilegeza injini mapema, akaniacha nipime kwa utulivu. Nilianza kuona tabia ya ndege kama unavyoona tabia ya mtu. Hupanda kwa bidii mwanzoni, kisha kadiri inavyokwenda juu inapunguza, inapunguza, mpaka karibu na kilele kila futi inapatikana kwa subira. Yetu ya Chaka haikuchoka hivyo.

Lilibaki jambo moja, injini moja. Kapteni aliomba ndege bila abiria na akaapa kwamba hatakaribia ardhi. Tulipanda juu sana, tambarare ya Laikipia ikiwa chini yetu na theluji ya mlima ikiwa mkono wa kulia.

"Uko tayari, Wangechi?"

"Niko tayari."

"Wewe uko. Sauti yako haiko."

Rubani msaidizi alicheka, nami nikacheka, na Kapteni akavuta nyuma wenzo wa kushoto.

Aliishika ndege sawa kwa mguu wa kulia, na mshale wa kupanda ukakaa juu kidogo tu ya sufuri. Tulikuwa tunapanda, lakini kwa shida. "Soma," alisema, nikasoma. "Sasa naondoa mguu nusu, kama Muriuki."

Nilitegemea tuanguke. Hatukuanguka. Kiti kilinilemea upande, kichwa kikaelekea dirishani, na kwa pumzi kadhaa hakuna kilichobadilika kwenye mita. Kisha kasi ikaanza kwenda. Kapteni akainua pua kidogo, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na mshale ukapanda, nikadhani tumepona. Halafu ukageuka, ukashuka, ukavuka sufuri, ukaendelea. Kadiri alivyoinua pua ndivyo tulivyoshuka.

Niliielewa ajali pale, na sikuielewa kwa kichwa tu. Ndege ikienda kando kando, ubavu wake unagongana na hewa, ukinzani unaongezeka, na kile kidogo kilichobaki cha kupandia kinaliwa chote. Na haikwambii mara moja. Inakuacha uamini kwamba uko salama kwanza. Machozi yalinitoka, na nikaendelea kusoma mishale kwa sauti kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Kapteni alirudisha injini, akaiweka ndege sawa. "Umepata?"

"Nimepata, Kapteni."

"Basi sitaki kulirudia."

Tuliporudi karakana tulifungua kabati la ukinzani na kutafuta waya unaotoka upande wa mtelezo wa ubavu, ule mwendo wa kando kando. Haukuwapo. Hakuna aliyeusahau, mashine ya kufundishia swichi haikuuhitaji. Mzee Salim alichora njia mpya ya umeme juu ya karatasi ya kufungia sukari, nami nikaenda kwenye duka la redio mjini Nyeri kutafuta vipingamizi, vile vidude vidogo vyenye mistari ya rangi vinavyopunguza umeme. Mwenye duka alitaka kujua ni redio gani inayohitaji vingi hivyo. Nilimwambia ni redio ya shirika. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuifundisha mashine kuchoka. Namna nguvu ya injini ilivyopungua kulingana na kimo iliamuliwa na kipande cha kadi ngumu kilichozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Umbo la kadi ndilo lililoamua umeme utapungua vipi. Niliikata kadi mpya kwa makasi, nikalainisha ukingo kwa tupa, nikazungusha waya kwa mkono, mzunguko karibu na mzunguko. Mama yangu alinifundisha kusuka viondo, vikapu vya uzi, nikiwa mdogo, na vidole vyangu vilijua kuvuta uzi bila kuukata. Kadi ya kwanza ilikuwa mbaya. Ya pili ilifaa mpaka katikati. Ya tatu tuliiweka, tukairusha simuleta pamoja na Kapteni, naye akaifuata mishale kwa macho muda wote wa kupanda.

"Sasa inachoka," alisema mwishowe. "Inachoka mahali ile nyingine inachokea."

Tuliunganisha joto la hewa nalo na injini, lile ambalo awali lilizungusha mshale tu bila kugusa injini. Kisha tukaweka kile kichelewesho, zile pumzi kadhaa za uongo. Mzee Salim aliuliza kama kuna haja. Nilimwambia kwamba hapo ndipo Muriuki alipopotelea.

Siku ya ukaguzi Mkuu wa Chuo alivaa suti ambayo sikuwahi kuiona. Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mpole, aliyetembea na chupa ya chai yake mwenyewe. Alipima zile sehemu tatu, zote zikawa ndani ya mipaka. Mkuu wa Chuo akaanza kutabasamu. Mkaguzi akafunga kifuniko cha chupa, akasema, "Sasa nataka kuona mwanafunzi. Si mwalimu. Mwanafunzi apoteze injini nimwone."

Kabla mtu hajajibu, sauti ilitoka nyuma. "Mimi."

Ilikuwa Muriuki. Alikuwa amekuja na mkongojo wake kutusalimia, mguu umeunga lakini bado unachechemea. Hakuwa ameketi kiti cha rubani tangu ile siku. Kapteni alimgeukia.

"Una hakika?"

"Sina. Lakini wacha nijaribu."

Alipanda ngazi moja moja. Nilikaa kwenye meza ya udhibiti iliyo nyuma ya marubani, na ni mimi niliyepaswa kubonyeza swichi ya kuzima injini. Niliweka hewa ya alasiri ya joto. Aliruka vizuri. Magurudumu yalipoacha ardhi nikabonyeza.

Mguu wake ulisita. Sijui kama ni maumivu au ni kumbukumbu. Pua ikageuka, akakanyaga nusu, akainua pua, na mashine ikamwacha aamini, halafu ikaanza kushuka. Taa nyekundu ya kugonga ardhi ikawaka, mishale yote ikasimama. Nilimwona Mkuu wa Chuo mlangoni ameshika kichwa.

Muriuki alikaa mikono ikiwa juu ya usukani. Jasho lilikuwa limelowesha shati lake mgongoni. Nilitaka kumgusa bega lakini sikuthubutu.

"Ni vilevile," alisema. "Wangechi, hii ni vilevile kama ile siku." Kisha akageuka kwa Mkaguzi. "Tafadhali bwana, naomba tena."

Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali. Nikarudisha mashine mwanzoni, nikampa hewa ileile, uzito uleule. Safari hii nilipobonyeza, nilisikia pedali ikigonga mwisho wake. Pua ilitikisika, ikarudi. Hakuiinua. Aliishusha kidogo, jambo ambalo kila mwili wa binadamu unakataa ukiwa karibu na ardhi, akaiacha kasi ikae. Mshale ukatulia juu kidogo ya sufuri. Ukabaki hapo. Tukapanda polepole mno, Muriuki akihema kwa sauti, mpaka Kapteni aliposema inatosha.

Mkuu wa Chuo alikuwa anajiandaa kuomba radhi kwa lile jaribio la kwanza. Mkaguzi alimkatiza. "Kama angefaulu mara ya kwanza," alisema, "ningewafungia. Nilikuja kuona kama hii mashine inaweza kumkatalia mtu." Akafungua chupa yake, akammiminia Muriuki chai.

Mkuu wa Chuo alitoka nje akasimama juani peke yake. Jioni alituchinjia mbuzi, na akamkabidhi Mzee Salim figo kwa mkono wake mwenyewe bila hotuba.

Zoezi la injini lilihamishwa. Kapteni alipigana na wakubwa kama alivyoahidi, ilichukua muda, lakini wanafunzi wetu hawakuvutiwa tena injini karibu na ardhi. Wengi walishindwa mara ya kwanza na walinichukia kwa siku chache. Muriuki akawa rubani, kisha kapteni, na siku hizi anafuga ng'ombe Kianyaga.

Mimi niliendelea. Mzee Salim alipostaafu nilishika nafasi yake, na kwa miezi kadhaa mafundi wapya waliendelea kumtafuta yeye kila walipokwama. Baadaye kampuni ilileta simuleta ya kompyuta, yenye miguu inayosukumwa na mafuta, inayoinama na kuinuka, na nikahamishwa Nairobi pamoja nayo. Makabati yetu ya Chaka yalivunjwa vipuri. Meneja wa Mafunzo wa huko alikuwa mama mkali mwenye miwani mikubwa, na aliweka sheria kwamba hakuna fundi atakayebadilisha namba ya kupanda kabla hajazungumza nami. Walikuja na namba zao nzuri, vijana wenye shahada, werevu kweli, na walinifundisha mengi kuhusu kompyuta. Mimi niliwauliza swali lile la Kapteni: umenyamazisha injini kwanza? Wengi wao walikuwa wamefanya hivyo tayari. Hilo lilinifurahisha kuliko kama ningewakamata.

Watu huniuliza kama naona nilipoteza maisha nikitunza ndege zisizokwenda popote. Swali hilo halinisumbui. Kwenye kazi yangu watu walianguka mara nyingi mno kuhesabika, na kila mmoja alishuka ngazi kwa miguu yake akaenda kula chakula cha mchana. Sijui kazi nyingine inayoweza kusema hivyo. Vijana wanaojenga simuleta nyumbani, na nasikia hata Nyeri mjini wapo, nawaomba jambo moja: msiifanye ndege yenu ikupendeni. Ifanyeni ikuambieni kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba leo hampandi.

Baada ya kustaafu nilikata tiketi kwenda Mombasa kumwona binti yangu aliyejifungua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa nyuma, na abiria wengine, bila saa mkononi. Ilikuwa alasiri, ndege imejaa. Pembeni yangu aliketi mama mmoja mfanyabiashara wa Karatina, ambaye hakuwa amewahi kuruka, amekumbatia mfuko wake kama mtoto. Tulipoacha ardhi alinishika mkono bila kuomba. Punde injini zikapunguza sauti.

"Woi, mbona imenyamaza? Ati imezima?"

"Haijazima, mama. Wamepunguza nguvu kidogo tu. Ilikuwa inakimbia, sasa inatembea."

"Na wewe umejuaje?"

"Nilikuwa na kazi ya kupanda."

Akanitazama viatu, akatazama mikono yangu. "Kupanda nini? Viazi?"

Nilicheka mpaka mhudumu akageuka. Yeye naye akacheka, ingawa hakujua tunachekea nini, na nikaanza kumweleza habari ya injini na hewa, na kwa nini mchana wa Nairobi ni mgumu kuliko asubuhi ya pwani. Alisikiliza kwa makini, akiuliza maswali mazuri. Katikati ya maelezo nikagundua kwamba sijatafuta mshale wowote kwa macho tangu tuondoke. Ndege ilikuwa inapanda, inapunguza, inapanda, kama inavyopaswa.

Tulipotoka juu ya mawingu alikuwa amelala, kichwa chake begani mwangu, mfuko umemteleza miguuni.